Somo la Leo: Babu Akilala

Labda nyumbani mwako yuko babu mwenye vifaa viwili. Mchana huvaa kifaa cha masikioni, apate kusikia. Usiku njia ya hewa kooni mwake hulegea na kuziba. Hukoroma, kisha pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena. Kwa hiyo hulala na mashine isukumayo hewa puani, koo lisizibe. Daktari Colin Sullivan wa Australia aliitangaza dawa hii mwaka 1981.

Lakini angalia: alalapo huvua kifaa cha masikioni. Je, moto ukizuka usiku, atakusikia ukimwita? Basi usitegemee sauti. Washa taa, mguse begani. Na kifaa chake kiwekwe mahali pakavu, karibu na mkono wake.