Gunia Lililo Kati ya Mlango na Mizani

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba Kamati imeazimia kutia programu ya kompyuta katika ghala yetu, ili hesabu ya magunia yanayoingia na kutoka iwekwe humo badala ya daftari lile kubwa ambalo kurasa zake zimeanza kuachana. Wako waliofurahi, na wako walioniambia wazi kwamba ni fedha za kutupa. Sitaki kubishana na yeyote. Ninalotaka leo ni kueleza sehemu moja tu ya kazi hiyo, nayo ni kuionyesha programu milango ya ghala na pahali mali inapotuliwa kabla ya kupimwa. Hapo ndipo tulipoumia msimu uliopita, na hapo ndipo tutakapoumia tena, tuwe na kompyuta au tusiwe nayo, kama hatukupatengeneza.

Kisa chenyewe mnakijua, lakini kila mtu anakisimulia kwa namna yake, basi nakiandika kama kilivyokuwa. Siku moja ya vuli, mnamo saa tisa za mchana, mwanachama mmoja mtu mzima alileta magunia 11 ya karafuu kavu kwa gari la ng'ombe. Kwenye mizani palikuwa na watu wengi. Karani aliyahesabu magunia pale mlangoni, akaandika daftarini "yamepokewa", akampa mzee stakabadhi yake, na wachukuzi wakayashusha barazani yangojee zamu. Zamu haikufika siku ile. Usiku ikaja mvua ya upepo, na asubuhi magunia 4 yalikuwa yamerowa upande mmoja, karafuu zimelainika na zimekwisha anza kutoa harufu ya uvundo.

Mzee akaja kwangu na karatasi yake mkononi. "Bwana Katibu," akasema, "mimi nimekabidhi karafuu kavu, na karani wenu amezipokea. Karatasi hii hapa." Msimamizi wa ghala naye akajibu, "Mzee wangu, mimi sikukabidhiwa kitu. Zilizomo ndani ya ghala zote ni kavu, karibu uzitazame." Nao wote wawili walikuwa wakisema kweli. Daftari lilisema yamo. Ghala ilisema hayamo. Nililifunua daftari mbele yao nikitafuta safu ya kuandikia gunia lililokwisha kuvuka mlango lakini halijafika pahali pake, nisiione. Na aliyelipiga mistari daftari lile ni mimi mwenyewe.

Kamati ililikata shauri kwa kugawana hasara nusu kwa nusu, na mzee akakubali kwa kuwa ni mtu mpole. Mimi sikuridhika siku ile wala siridhiki leo. Kila mkulima anajua kwamba kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kama kilo 1 tu ya kavu, na kabla ya hapo kuna ujira wa wachumaji, kuna kuchambua makonyo usiku, kuna siku nne tano za kuanika na kukimbizana na mawingu. Nusu ya magunia 4 si kitu kidogo kwa nyumba ya mtu.

Sasa nije kwenye programu. Fundi alipokuja kututazama, swali lake la kwanza lilikuwa, "Ghala yenu ina milango mingapi?" Tukajibu kwa sauti moja: mmoja. Akaomba ruhusa azunguke, akarudi akasema ni mitatu. Tulisahau mlango wa nyuma, ambao magari ya ng'ombe huupenda kwa kuwa njia yake haina mwinuko, na tulisahau ule mdogo wa ubavuni ambao karani huupitia. Ule wa ubavuni akaufuta, kwani kwa programu mlango ni pale inapopita mali, si pale anapopita mtu. Kisha akauliza la pili: "Gunia likisha kuvuka mlango, na kabla halijapandishwa juu ya chaga, huwa liko wapi?" Tukatazamana.

Programu hizi ziko kubwa na ndogo. Miongoni mwa kubwa ni ile ya SAP, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1972, ambayo hutumiwa na maghala yenye milango makumi kwa makumi. Humo kila mlango hupewa namba yake, na mlango wenyewe huhesabiwa kuwa ni pahali, kama vile chaga ilivyo pahali. Huandikwa pia kama ni wa kuingizia, wa kutolea, au wa yote mawili. Baada ya hapo huandikwa sehemu za kungojea zilizo karibu na milango, na kila mlango hufungamanishwa na sehemu yake; mlango mmoja waweza kuwa na sehemu kadhaa, na sehemu moja yaweza kutumikia milango kadhaa. Mali nayo hutiwa katika mafungu, ili lori likija na mali ya fungu fulani programu yenyewe iseme: nendeni mlango wa 2, mshushe sehemu ya pili. Hutafuta kwanza kanuni iliyo mahsusi, kisha iliyo pana zaidi, kwa mpango aliouweka mtu. Isipopata yoyote, haibuni. Huacha nafasi tupu na karani hana budi kuijaza mwenyewe. Kanuni za mali inayoingia huwekwa mbali na za mali inayotoka, na fundi alitwambia kwamba wengi hukosea papo hapo, wakaandika za upande mmoja wakadhani wamemaliza.

Ghala yetu haihitaji jahazi kubwa namna hiyo. Fundi alituonyesha nyingine iitwayo Odoo, iliyoanzia Ubelgiji, ambayo yafaa vyama vidogo. Hii huuliza swali moja la maana juu ya mali inayoingia: ipokewe kwa hatua ngapi? Hatua moja ni kutoka garini moja kwa moja hadi akibani. Hatua mbili ni kutoka garini hadi pahali pa kungojea, kisha akibani. Hatua tatu ni pahali pa kungojea, kisha pahali pa kukagulia, ndipo akibani. Kila hatua ina hati yake, na hati ya pili haifungwi mpaka mtu aseme kwamba kweli amelihamisha gunia. Na hii ndiyo nukta nitakayo mwanachama aikumbuke: usipoiambia lolote, programu hii hujichukulia hatua moja. Hata hizo mbili na tatu hazionekani mpaka ufungue ruhusa yake kwenye mipangilio.

Ndugu zangu, hatua moja ndiyo daftari letu lile lile. Tungenunua kompyuta, tungelipa fundi, na siku ya mvua karani angebonyeza "imepokewa" nasi tungerudi kugawana hasara na mzee yule.

Kwa karafuu mimi naona zifae hatua tatu. Gunia moja lenye unyevu likipangwa kati ya makavu halijiharibu peke yake, huwaharibu na jirani zake, kwa hiyo lazima mtu atie mkono ndani, avunje karafuu na kunusa, kabla ya kuliruhusu kupanda chaga. Mjumbe mmoja wa Kamati, ambaye kaanza kuchuma kabla mimi sijazaliwa, alilipinga jambo hili. Alisema, "Mwanangu, hatua tatu maana yake ni kutusimamisha juani mara tatu." Hoja yake ina uzito, na sikupata jawabu kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba mwenye mali hatasimama: akisha kupokea karatasi ya kwanza aweza kwenda zake, na kungojea kutakuwa kwa gunia.

Kuna taabu nyingine ndogo. Idadi ya hatua huwekwa kwa ghala nzima, na ghala yetu hupokea pia magunia matupu, majamvi na mbolea, vitu ambavyo hakuna haja ya kuvinusa. Fundi ametushauri tuliandike banda la nyuma kama ghala ya pili, yenye hatua moja, na vitu hivyo viende huko. Nimeupenda ushauri huo kwa sababu nyingine vile vile: mbolea haina kazi karibu na karafuu.

Liko na jambo la mwenye mali. Karafuu zinazolala kwetu si za Chama, ni za mwanachama mpaka siku atakapozipeleka kituoni kuziuza. Programu haijui hivyo. Isipoambiwa, kila kilichoingia hukihesabu kuwa ni mali ya Chama, na mwisho wa mwaka tungeonekana matajiri katika karatasi. Imo ruhusa ya kuandika jina la mwenyewe kwenye kila hati ya kupokelea. Ifunguliwe tangu siku ya kwanza, pamoja na namba ya kila gunia.

Nimekwisha pima baraza kwa futi kamba. Mbele ya mlango wa 1 hukaa magunia 24 yakipangwa matatu kwenda juu, na mbele ya mlango wa 2 hukaa 15. Tutapiga mistari ya rangi ya manjano sakafuni na kuandika jina la kila sehemu kwa herufi zile zile zitakazoonekana kwenye kompyuta, maana jina likiwa jingine ukutani na jingine kwenye kioo, wachukuzi watafuata la ukutani. Hesabu za 24 na 15 nazo zitaandikwa kuwa ndiyo mwisho. Pasipoandikwa mwisho, kompyuta itakubali hata gunia la mia, yenyewe haioni sakafu. Na kila jioni kabla ya kufuli kutiwa, karani atatazama hesabu ya kungojea: ikiwa si sifuri, magunia hayo yaingizwe ndani yakae peke yake hata kama hayajapimwa, na msimamizi atie saini. Umeme ukikatika, vitabu vya stakabadhi vya nakala mbili vitabaki kwenye mtoto wa meza kama kawaida.

Programu haiwezi kuzuia mvua. Bati za kurefusha paa la baraza nimeziulizia bei, na ni nafuu kuliko kompyuta. Mimi ningependa zitangulie.

Linalobaki ni lenu, si la fundi. Karatasi ya kwanza itasema "limefika, halijapimwa", na ya pili itasema uzito na hali yake. Kati ya karatasi hizo mbili, gunia likirowa au likipungua, ni juu ya nani? Kompyuta itatwambia lilikuwa barazani, tangu saa ngapi, na ni la nani. Haitatwambia nani alipe. Rai yangu ni kwamba tangu karatasi ya kwanza dhamana iwe ya Chama chote, na kwamba mzee wetu arudishiwe ile nusu yake. Wako wajumbe wasioafiki, wakihofia watu wataleta karafuu mbichi kusudi na kusema zimeloa kwetu. Jambo hili litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu lipigiwe kura, na fundi nimemwomba asiandike chochote juu ya baraza mpaka kura hiyo ipite.

Katibu wa Chama