Mtoto wa Mbwa wa Ulinzi Anayeharibu Vitu: Je, Inafaa Kumfungia Kizimbani?



Ndugu yetu mmoja wa Dar es Salaam anasema wezi walivunja nyumba yake, ndipo akachukua mtoto wa mbwa amlee awe mlinzi. Sasa ana miezi minne, na ameshatafuna jozi mbili za makubadhi, mpira wa kumwagilia maji na pembe ya mswala ulioanikwa uani. Mkewe amechoka, anataka arudishwe alikotoka. Jirani amemshauri amfungie kwenye kizimba, naye anaogopa asije akawa kama yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka.

Kwanza, kuwa naye. Hadithi za Abu Hurayrah na Ibn 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhum) zinatufahamisha kuwa anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa thawabu zake kila siku, na wakavuliwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Ulinzi wa nyumba, Wanachuoni wengi wameukisia na hao. Imaam an-Nawawiy ametaja kuwa hiyo ndiyo kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashaafi'iy, na vilevile kumlea mtoto wa mbwa kwa ajili ya kazi hiyo. Maadamu nia ni ulinzi kweli, hakuna tatizo.

Ama Hadithi ya paka, ambayo ipo kwa al-Bukhaariy na Muslim, wengi wetu huikumbuka kwa neno moja tu: kufungia. Lakini tukiisoma hadi mwisho tutaona mwanamke yule alimfungia paka asimlishe, asimnyweshe, wala asimwache akajitafutie mwenyewe wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Wanachuoni wamefahamu hapo kuwa kosa lake ni kumzuia mnyama pamoja na kumnyima haki zake. Anayemzuia huku akizitimiza hayumo. Kwa hiyo ndugu yetu ajiulize, je, mbwa huyu akiwa ndani ya kizimba atapata nini, na atakaa humo kwa muda gani?

Afahamu pia kuwa mtoto wa mbwa hatafuni kwa ubaya. Kati ya miezi mitatu na saba meno ya utoto hung'oka na ya ukubwani huota, ufizi humuwasha, naye hutafuta cha kuuma. Ukiongezea uchovu wa kukaa peke yake bila kazi, makubadhi yamekwisha. Basi viatu vitundikwe juu, mswala uanikwe asikofika, na apewe mpira mgumu wa kutafuna. Asipewe kubadhi kuukuu, kwani hajui tofauti yake na jipya. Wala asipewe mifupa iliyopikwa, hupasuka vipande vikali vikamchoma tumboni. Kumpiga saa nzima baada ya kuharibu hakumfundishi kitu, kwa kuwa haunganishi kipigo na kosa. Na kumpiga mnyama usoni kumekatazwa na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam).

Kizimba kinafaa kikiwa kitanda chake, si jela. Kiwe uani, kivulini, chenye kupitisha hewa; kuezeka mabati matupu kwa joto la Pwani ni kumwoka. Aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Siku za mwanzo mlango uachwe wazi na chakula kiwekwe ndani aingie mwenyewe, kisha ufungwe dakika chache, na muda uongezwe polepole. Wa miezi minne asizidishiwe saa tatu au nne mchana, kwani hata mkojo hawezi kuuzuia zaidi ya hapo, na maji yasikosekane. Na asiingizwe humo kwa adhabu, ataichukia sehemu hiyo.

Tunalisema hili kwa sababu mijini kwetu imezoeleka mbwa kufungwa bandani tangu Alfajiri hadi usiku, eti awe mkali. Huo ndio ufungiaji wa kuogopwa. Mbwa huyo hata kazi haifanyi vizuri, kwani hajazoea watu kiasi cha kumtofautisha mgeni na mwizi.

Kuhusu mswala na makubadhi, kwa madhehebu ya Shaafi'iy vilivyopata mate yake vioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Akikugusa mkavu kwa mkavu hakuna cha kuosha. Wamaaliki wao wanaona mbwa aliye hai ni twahara, lakini ndugu yetu yuko katika mji wa Mashaafi'iy na kufuata hilo kutamwondolea mzozo nyumbani. Mbwa awe na chombo chake, na achanjwe kichaa cha mbwa, chanjo ambayo kwa kawaida huanza akiwa na miezi mitatu.

Limebaki la mke. Aliyemtaka mbwa ni mume, lakini anayeshinda naye, kumfungulia na kuosha mswala mara saba ni mke. Hilo si uadilifu. Mume apange yeye, au amlipe mtu, wa kumtoa mbwa asubuhi, adhuhuri na jioni. Akiona hawezi, na mchana kutwa hakuna wa kumfungulia, kizimba hakitamfaa. Ampe mwenye shamba au mifugo anayemhitaji, naye atafute mbwa mkubwa aliyekwisha fundishwa, au aimarishe milango.

Na Allaah Anajua zaidi.