Kengele ya Kila Wiki: Klabu za Huduma kwa Jamii na Kazi ya Afya

Wahudumu wengi wa afya Afrika Mashariki huzifahamu klabu za huduma kwa jamii kwa alama zilizopakwa ukutani. Gurudumu lenye meno la Rotary huonekana kwenye tangi la maji la zahanati, na simba wa Lions kwenye mlango wa kliniki ya macho. Mgonjwa naye hukutana nazo siku ya kambi ya upimaji, kisha wafadhili wakaondoka. Kisichoonekana ni mkutano wa kila wiki ambamo msaada huo ulijadiliwa, ukachangiwa na kupigiwa kura. Humo ndimo huamuliwa pia, mara nyingi bila mtu kutamka, kama msaada utafuatiliwa au utasahauliwa.

Klabu ya kwanza ya Rotary ilianzishwa Chicago tarehe 23 Februari 1905 na wakili Paul Harris pamoja na wenzake watatu. Shabaha ya awali ilikuwa urafiki na biashara baina ya watu wa kazi tofauti katika jiji kubwa ambamo jirani hakumjua jirani. Walikutana kwa zamu katika ofisi za wanachama, na zamu hiyo ndiyo iliyoipa klabu jina lake. Huduma ilikuja baadaye kidogo, na inafaa kukumbukwa na watu wa afya kwamba miongoni mwa kazi za mwanzo ilikuwa kulishawishi jiji lijenge vyoo vya umma. Lions ilianza katika jiji hilohilo mwaka 1917. Mwaka 1925 Helen Keller, aliyekuwa kipofu na kiziwi, aliwaomba wanachama wake wapigane na upofu, na hadi leo macho ndiyo kazi yao kuu. Rotary ilifika Nairobi mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949. Wanawake walisubiri zaidi: Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi wa kuwaunga mkono mwaka 1987, na Rotary ikaufungua mlango duniani kote mwaka 1989.

Mkutano wenyewe huchukua saa moja au moja na nusu, wakati wa chakula cha mchana, alfajiri kabla ya kazi, au jioni. Rais wa klabu hupiga kengele, wageni hutambulishwa, na wenye siku za kuzaliwa hupongezwa. Mwanachama aliyepewa kazi ya kusimamia utaratibu huwatoza wenzake faini ndogo za mzaha: huyu kachelewa, yule simu yake imelia, mwingine picha yake imetoka gazetini. Fedha hizo huingia katika mfuko wa klabu. Hufuata taarifa za kamati, kisha mgeni mzungumzaji hupewa dakika ishirini hivi, huulizwa maswali, na kengele hupigwa tena. Mtazamaji wa nje anaweza kuyaona hayo yote kuwa mchezo wa watu wazima wenye nafasi, na kwa kiasi fulani hakosei.

Hata hivyo, ndani ya mzaha huo kuna kanuni nzito ya mahudhurio. Kwa miongo mingi mwanachama wa Rotary alitakiwa kuhudhuria kila wiki, na akiwa safarini alihesabiwa kuwa amehudhuria iwapo angekwenda katika klabu nyingine popote duniani. Mwaka 2016 kanuni ililegezwa, klabu zikaruhusiwa kukutana angalau mara mbili kwa mwezi. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa nafuu kwa vijana wenye kazi nyingi, na wapo waliohofu kuwa uzi unaowashika watu pamoja umekatwa. Hofu hiyo ina msingi, na mfano wa polio unaonyesha kwa nini.

Mwaka 1979 Rotary ilianza kusaidia chanjo ya matone kwa watoto wapatao milioni 6 nchini Ufilipino. Mwaka 1985 ikatangaza mpango wa dunia nzima, na mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wabia wengine wakaungana nayo. Wakati huo polio ilikadiriwa kuwapata watu 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Tangu hapo maambukizi ya virusi vya asili yamepungua kwa zaidi ya asilimia 99, na tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa haina tena virusi hivyo. Kampeni nyingi za afya huchosha wafadhili baada ya miaka mitatu au minne. Hii imechukua miongo, na imechangiwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kumwona mtoto aliyepooza kwa polio. Kumbukumbu iliyowashikilia ilitokana na kuambiwa jambo lilelile wiki baada ya wiki, na watu wanaowajua kwa majina, hadi likawa sehemu ya maisha yao. Kumbukumbu hiyo ilihitajika tena mwaka 2022, virusi vya asili vyenye nasaba na vile vya Pakistan vilipogunduliwa Malawi na kisha Msumbiji, na Tanzania na majirani zake wakalazimika kuwachanja upya watoto wao.

Udhaifu wa klabu unatokana na kalenda yake. Uongozi wa Rotary hubadilika kila tarehe 1 Julai, na rais mpya hupenda kuwa na mradi wake. Kwa hiyo huchaguliwa vitu vyenye mwanzo na mwisho ndani ya mwaka mmoja: kitanda, mashine, kambi ya siku mbili. Mashine hiyohiyo, ikikosa vipuri na fundi, hugeuka rafu ya kuwekea majalada.

Kambi zina hatari kubwa zaidi. Mtu aliyepimwa mara moja uwanjani na kukutwa na shinikizo la juu la damu kwa kawaida hahesabiwi bado kuwa mgonjwa. Anahitaji kupimwa tena siku nyingine, na akithibitika, atahitaji ufuatiliaji na mara nyingi dawa kwa maisha yake yote. Mwenye presha ya macho akipewa chupa moja ya matone huona amesaidiwa, ilhali chupa ikiisha ugonjwa huendelea kimyakimya kuharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Aliyepasuliwa mtoto wa jicho anahitaji kuonwa kesho yake na tena wiki zinazofuata. Klabu inayokutana kila wiki ina nafasi ya kuuliza katika kila mkutano: wale mia moja tuliowapeleka hospitali wamefika wangapi? Swali hilo halina gharama, lakini huulizwa kwa nadra.

Kwa sababu hiyo mganga au muuguzi anayealikwa kuzungumza asizipoteze dakika ishirini zake kwa kusoma orodha ya mahitaji yote ya kituo. Achague tatizo moja, aeleze nani atalishughulikia mwakani na mwaka wa tatu, na ataje bei ya matengenezo pamoja na bei ya kifaa. Aombe kamati ambayo wajumbe wake hawabadiliki pamoja na rais. Klabu ikitaka ruzuku kubwa ya Mfuko wa Rotary, mradi huwa na bajeti isiyopungua dola 30,000, hushirikisha klabu za nchi mbili, na huanza kwa tathmini ya mahitaji ya jamii. Tathmini hiyo ndiyo mahali pa mhudumu wa afya kusema ukweli mapema, ikiwa ni pamoja na kusema kwamba kifaa kinachotolewa hakihitajiki.

Faida kwa wanachama wenyewe haipaswi kupuuzwa. Uchambuzi wa tafiti 148 uliochapishwa mwaka 2010 na Julianne Holt-Lunstad na wenzake ulionyesha kuwa watu wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi wa wengine kwa takribani asilimia 50. Matokeo hayo hayaufanyi mlo wa hotelini kuwa dawa. Maradhi nayo humtenga mtu na wenzake. Lakini mstaafu ambaye kiti chake kikiwa kitupu wiki mbili hupigiwa simu, yuko salama kuliko yule ambaye kiharusi kitamkuta peke yake nyumbani. Ada na bei ya chakula huwaweka wengi nje ya klabu hizi, nazo hazina ukiritimba wa jambo hilo: kikoba, chama cha kuzikana, kwaya na darasa la msikitini huita majina vilevile. Daktari anayemhudumia mzee mwenye kisukari anaweza kuongeza swali moja katika mahojiano yake: ni nani atakayejua, kabla ya wiki kwisha, kwamba hukuonekana?