Mtoto Akichelewa, Nendeni Wote Wawili

Katika mtaa mmoja wa Makanyagio, mjini Mpanda, tulikaribishwa na mama ambaye jina lake hatutalitaja. Ameolewa miaka minne na hajapata mtoto. Mawifi wamesema ya kusema. Mama mkwe amenyamaza, na kunyamaza huko kunamuuma zaidi. Amekunywa dawa za mizizi za aina tatu. Amesafiri hadi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa mganga aliyesifiwa. Tulipomwuliza mumewe amepimwa nini, alicheka kidogo. "Yeye apimwe kwa nini? Anayebeba mimba ni mimi."

Jibu hilo tumelisikia mara nyingi mno, na ndilo lililotufanya tuandike habari hii.

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni mahali ambapo wasichana huanza kuzaa mapema. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine yote. Basi fikiri, msomaji mpendwa, anavyotazamwa mwanamke wa miaka 26 asiye na mtoto: kisimani, sokoni, hata kanisani. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa karibu mtu mmoja kati ya sita hupatwa na tatizo hili wakati fulani maishani. Katika jumuiya yako hakika wako wengine, wananyamaza tu.

Je, mngoje muda gani kabla ya kumwona daktari? Ni mwaka mmoja wa kukutana mara kwa mara bila kuzuia mimba. Mama aliyetimiza miaka 35 asingoje zaidi ya miezi sita. Mwenye hedhi isiyo na mpangilio, au yenye maumivu makali, aende mapema zaidi. Aliyekuwa akichoma sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango ajue kwamba mimba inaweza kukawia, kwa wastani miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho. Si kwamba sindano imeharibu kizazi, kama mawifi wanavyopenda kusema.

Kwa upande wa mama, matatizo makubwa ni mawili: mayai kutopevuka, na mirija kuziba. Mara nyingi mirija huzibwa na makovu ya kisonono au klamidia ambayo haikutibiwa. Klamidia ni mjanja, kwani wengi huwa nayo bila dalili yoyote. Maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika nayo huziba mirija.

Na baba je? Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Mwanamume mwenye nguvu zote za ndoa anaweza kuwa na mbegu chache, dhaifu, au asiwe nazo kabisa. Pengine aliugua matubwitubwi ukubwani yakamshukia kwenye korodani, pengine ana mishipa iliyovimba huko. Hata aliyezaa zamani na mwanamke mwingine hawezi kusema, "Mimi nilishapita mtihani." Mambo hubadilika.

Kipimo chake ni chepesi kuliko vyote. Hujizuia kukutana na mkewe kwa siku mbili hadi saba, kisha hutoa shahawa kwenye chombo safi, nazo hufika maabara ndani ya saa moja. Hapahitajiki kisu wala mashine kubwa, bali hadubini na mtaalamu mzoefu. Kumpitisha mama kwenye picha ya mirija, ambayo ina gharama na maumivu, kabla baba hajapimwa, kwetu sisi ni uonevu.

Anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa, hapo Mpanda. Mkiandikiwa rufaa, Hospitali ya Kanda ya Mbeya, ambayo kitengo chake cha wazazi kiko Meta, huhudumia pia watu wa Katavi. Ni mbali, kupitia Sumbawanga, na nauli ni ya watu wawili. Hatusemi ni rahisi. Ila jumlisheni kwanza mliyowapa waganga. Chukueni vyeti vyote vya nyuma, na mama aandike tarehe za hedhi za miezi kadhaa.

Tumezoea kuhubiriwa machozi ya Hana. Wachache hukumbuka kwamba Elkana alikuwa akipanda naye kwenda Shilo kila mwaka.

Mume wa mama yule alikubali baada ya kuzungumza na mzee mmoja wa kanisa. Majibu yalikuwa mbegu chache. Ameambiwa aache sigara na pombe, akapewa matibabu, na arudi baada ya miezi mitatu, kwa maana mbegu mpya huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa. Jambo moja alilifanya bila kuambiwa na daktari: alikwenda kwa mama yake mzazi akamweleza mwenyewe. Kipimo cha pili ni mwezi ujao.