Zamu Isiyobadilishwa: Kustaafu Mapema kwa Wachezaji wa Kompyuta wa Korea na China

Tarehe 3 Juni 2020, kijana mmoja wa China aitwaye Jian Zihao alitangaza kwamba anastaafu kazi. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 23. Hakuwa rubani, wala mchimba madini, wala askari wa mstari wa mbele. Kazi yake ilikuwa kukaa kitini mbele ya kompyuta na kucheza mchezo wa vita vya kubuni uitwao League of Legends, yeye na wenzake wanne, dhidi ya timu nyingine ya watu watano. Katika kazi hiyo alijulikana kwa jina la Uzi, na vijana wengi wa nchi yake walimhesabu kuwa miongoni mwa wachezaji hodari kabisa duniani. Alikwisha kucheza fainali mbili za ubingwa wa dunia, mwaka 2013 na mwaka 2014. Sababu aliyoitoa ya kustaafu ilikuwa afya. Baada ya miaka mingi ya msongo wa mawazo, unene, kula bila mpango na kukesha, madaktari walimkuta na ugonjwa wa kisukari. Alijaribu dawa na kubadili mwenendo wa maisha, lakini hali yake haikutengemaa kiasi cha kumwezesha kuendelea.

Wapo watakaouliza: mtu anayekaa kitini anachokaje hata astaafu akiwa na miaka 23? Swali hilo ni la haki, hasa kwa askari, ambaye hupima kazi kwa mwendo wa miguu, uzito wa mzigo na saa za lindo. Jibu lake lapatikana katika nchi mbili jirani, Korea ya Kusini na China, zinazotazamana ng'ambo ya Bahari ya Manjano. Huko ndiko mchezo wa kompyuta ulikogeuka kuwa ajira, na huko ndiko gharama ya ajira hiyo inakoonekana wazi.

Mwanzo wake ni mwaka 1998, pale kampuni moja ya Marekani ilipotoa mchezo wa vita uitwao StarCraft. Korea ya Kusini ilikuwa imekumbwa na msukosuko mkubwa wa uchumi, na vijana wengi walikuwa hawana kazi. Wakati huo huo mtandao wa intaneti ya kasi ulikuwa ukienea upesi nchini humo, na vyumba vya kukodisha kompyuta kwa saa vilifunguliwa kila mtaa. Mwaka 2000 kikaundwa chama cha kusimamia mashindano hayo, na televisheni ikaanza kuyaonyesha usiku na mchana. Makampuni makubwa ya simu na ya vyombo vya umeme yakaunda timu zao, yakawalipa vijana mishahara, na kuwaweka pamoja katika nyumba moja, wale, walale na kufanya mazoezi humo.

Mazoezi hayo si ya kupitisha wakati. Mchezaji hodari wa StarCraft hutoa amri zaidi ya 300 kwa dakika moja, mkono mmoja ukiwa juu ya kibodi na mwingine ukiwa juu ya kipanya. Maana yake ni amri tano au zaidi kwa kila sekunde. Siku ya kazi huwa ya saa 10, au 12, au hata zaidi, na aghalabu huishia usiku wa manane. Kijana huingia humo akiwa na miaka 16 au 17, na mara nyingi huacha shule ili apate nafasi. Anayeshindwa kufikia kiwango huondolewa, kwa sababu nje mlangoni wapo mamia ya vijana wengine wanaongoja nafasi hiyo hiyo.

Mwili hauwezi kuhimili mwendo huo bila kutoa dalili. Mshipi unaovutwa na kulegezwa maelfu ya mara kila siku huvimba, na maumivu yakaanza katika kifundo cha mkono, yakapanda hadi kwenye kiwiko na bega. Mwaka 2019 ulitolewa uchunguzi uliofanywa Amerika ya Kaskazini juu ya wachezaji 65 wa vyuo. Kati yao asilimia 56 walilalamika kuchoka macho, asilimia 42 walikuwa na maumivu ya shingo na mgongo, na asilimia 36 maumivu ya kifundo cha mkono. Asilimia 40 hawakufanya mazoezi yoyote ya viungo. Lakini waliokwenda kumwona daktari walikuwa asilimia 2 tu. Wengine wote waliendelea kucheza na maumivu yao.

Hata hivyo maumivu ya mkono ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni uchovu wa akili ambao mtu hawezi kuuondoa kwa kulala usiku mmoja. Mwaka 1974 mtaalamu wa elimu ya nafsi wa New York, Herbert Freudenberger, aliueleza uchovu huo baada ya kuuona kwa watu waliokuwa wakijitolea kuwahudumia wagonjwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza rasmi kuwa ni hali itokanayo na kazi, yaani msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya pili ni mtu kujitenga na kazi yake kwa moyo, akaichukia au akaidharau kazi ile ile aliyoipenda. Ya tatu ni kushuka kwa ufanisi wake.

Yafaa kuzingatia kwamba dalili hizo tatu hufanana sana na uvivu. Mkuu asiyejua huziona akadhani kijana amelegea, naye humwongezea saa za mazoezi. Kwa kufanya hivyo humwongezea kile kile kilichomwangusha. Mchezaji naye hudhani amepoteza kipaji chake. Huona aibu kusema, na hujitahidi zaidi. Hivyo ndivyo mtu anavyofikia mwisho wa kazi yake bila mtu yeyote kupiga kengele ya hatari.

Je, si kweli kwamba umri wenyewe ndio unaowatoa? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, nchini Kanada, waliuchunguza mchezo wa pili wa StarCraft, na mwaka 2014 wakatangaza matokeo yaliyotokana na wachezaji 3,305 wenye umri wa miaka 16 hadi 44. Waliona kwamba kasi ya mtu ya kutambua jambo na kulijibu huanza kupungua afikapo miaka 24. Lakini waliona pia kwamba wachezaji wenye umri mkubwa walikuwa na njia za kuziba pengo hilo. Walitumia mbinu nyepesi na njia za mkato, wakaacha vitendo visivyo na faida. Jambo hili si geni kwa mtu yeyote aliyewahi kumwona sajini mzee kazini. Hakimbii kama kuruta, lakini hufika, kwa sababu anajua mahali pasipohitaji kukimbiliwa. Basi umri hupunguza kasi, lakini peke yake hautoshi kueleza kwa nini vijana wa miaka 23 wanaondoka wakiwa wagonjwa.

Huko Korea ya Kusini limo jambo jingine linalofupisha kazi hiyo, nalo ni utumishi wa lazima jeshini. Kila mwanamume mwenye afya hupaswa kuitumikia nchi, miezi 18 katika jeshi la nchi kavu na miezi 21 katika jeshi la anga, na kwa kawaida huanza kabla ya kupita umri wa miaka 28. Mchezaji anayeingia jeshini akiwa na miaka 25 au 26 hurudi akiwa ameachwa nyuma, mikono ikiwa imepoteza wepesi na mchezo wenyewe ukiwa umebadilika.

Mfano unaojulikana sana ni wa Lim Yo-hwan, aliyekuwa nyota wa kwanza wa StarCraft nchini humo. Aliingia Jeshi la Anga mwezi Oktoba 2006, akiwa na umri wa miaka 26. Mwaka uliofuata jeshi hilo likaunda timu yake yenyewe, ambayo wachezaji wake walikuwa askari waliokuwa wakitimiza utumishi wao, nayo ikashindana katika ligi pamoja na timu za makampuni. Aghalabu timu hiyo ilikuwa karibu na mkia wa ligi. Lakini mafanikio yake hayafai kupimwa kwa ushindi tu. Lim alipomaliza utumishi mwezi Desemba 2008 alikuwa bado mchezaji, akarudi katika timu yake ya zamani. Jeshi lilikuwa limempa njia ya kutimiza wajibu bila kuzika ujuzi wake. Timu hiyo ilifikia mwisho mwaka 2012. Lim mwenyewe akawa mwalimu wa timu, na mwaka 2013 akauacha ualimu huo kwa sababu ya afya. Baadaye aliingia katika mashindano ya karata ya kulipwa.

Sheria ya Korea ina mlango mwingine. Mwanamichezo aliyepata medali yoyote ya Olimpiki, au medali ya dhahabu ya Michezo ya Asia, husamehewa utumishi wa kawaida. Badala yake hupewa mafunzo mafupi ya kijeshi na kufanya saa 544 za kazi za kujitolea kwa umma. Mwezi Septemba 2023, mjini Hangzhou nchini China, timu ya Korea ya League of Legends ilitwaa medali ya dhahabu, na wachezaji wake sita wakapata haki hiyo. Mmoja wao alikuwa Lee Sang-hyeok, ajulikanaye kama Faker.

Habari za Lee ni muhimu kwa sababu zinapinga dhana kwamba kazi hii haina budi kumwangusha mtu mapema. Alizaliwa mwaka 1996, akaacha shule ya sekondari, na akaanza kucheza mashindano makubwa mwaka 2013 akiwa na miaka 16. Mwaka huo huo alikuwa bingwa wa dunia, kisha akawa bingwa tena mwaka 2015 na 2016. Mwezi Julai 2023 mkono wake uliuma, na timu yake ikamweka kando apumzike. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, maana timu ilishindwa mechi nyingi wakati hayupo. Lakini alirudi mwezi Agosti, na mwezi Novemba mwaka huo, mjini Seoul, timu yake ilitwaa ubingwa wa dunia. Ikautwaa tena mwaka 2024, na tena mwaka 2025, Lee akiwa na umri wa miaka 29. Mkataba wake umeongezwa hadi mwaka 2029.

Somo kama hilo limeonekana hata mbali na Asia. Katika nchi ya Denmark, timu ya Astralis ilikuwa imeshinda mashindano makuu manne ya mchezo wa Counter-Strike kati ya mwaka 2017 na 2019. Mwaka 2020 nahodha wake, Lukas Rossander, alipewa likizo kwa sababu ya msongo na uchovu wa kupindukia, na muda mfupi baadaye mwenzake Andreas Højsleth akapewa likizo pia. Timu ilitangaza sababu hiyo hadharani, bila kuificha na bila kuwaaibisha. Wote wawili walirudi kabla ya mwaka kwisha, na mwezi Desemba timu hiyo ilikuwa ikishinda mashindano tena.

Si kila anayepumzishwa hurudi alivyokuwa. Jian Zihao alijaribu kurudi mwishoni mwa mwaka 2021, katika timu nyingine, lakini hakukifikia tena kilele chake cha zamani. Tofauti kati yake na Lee si ushujaa, kwani wote wawili walikuwa mashujaa katika kazi yao. Mmoja alipumzishwa wakati mkono ulipoanza kuuma. Mwingine alifika kwa daktari wakati ugonjwa ulikwisha kumkamata.

Linabaki swali la maisha baada ya kustaafu. Baadhi ya wachezaji huwa walimu wa timu, na baadhi huwa watangazaji wa mashindano. Lakini nafasi hizo ni chache kuliko watu wanaozihitaji. Kijana aliyeacha shule akiwa na miaka 16, na kuondoka kazini akiwa na miaka 24, hubaki na miaka thelathini au zaidi ya kufanya kazi mbele yake, bila cheti na bila ujuzi mwingine. Wasiwasi wa siku hiyo humkalia moyoni hata kabla haijafika, nao huongeza uchovu ule ule unaoileta upesi.

Katika jeshi na polisi jambo hili ni la zamani. Mlinzi hubadilishwa baada ya saa kadhaa si kwa sababu ni mnyonge, bali kwa sababu inajulikana kwamba macho ya mtu hodari nayo huchoka, na lango linalolindwa na mtu aliyechoka ni sawa na lango lililo wazi. Mkuu wa zamu anayesahau kumbadilisha mlinzi wake hawezi kumlaumu mlinzi kwa kusinzia. Makampuni yanayomiliki timu za Korea na China yalichukua kutoka jeshini kambi, ratiba na nidhamu, lakini mengi yao yakasahau zamu. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Na ikipasuka, wa kuulizwa kwanza ni yule aliyekuwa akiipiga.