Kasoro ya Mfumo wa Uthabiti na Gharama ya Kurejesha Magari ya Dharura

Katika biashara ya magari ya dharura, yaani magari ya zimamoto, ya kubebea wagonjwa na ya polisi, hakuna jambo linalofichua udhaifu wa mpangilio wa viwanda kama urejeshaji wa magari, ambao ni hatua ya mtengenezaji kuyaita magari aliyokwisha kuyauza ili aondoe kasoro inayohatarisha usalama bila kumtoza mwenye gari. Kasoro inapokuwa katika mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti wa gari, swali la nani alikosea na nani atalipa huwa gumu zaidi, kwa kuwa mfumo huo hutengenezwa na kampuni moja, hufungwa kwenye chesi na kampuni ya pili, kisha huathiriwa na kazi ya kampuni ya tatu inayojenga bodi. Marekani, yenye sheria kongwe ya urejeshaji na soko kubwa la magari hayo, hutoa mfano ulio wazi wa namna mzigo huo unavyogawanywa, na pia wa mahali unapomwangukia mnunuzi.

Mfumo wenyewe uliingia sokoni mwaka 1995 katika magari ya Mercedes-Benz, baada ya kampuni hiyo kushirikiana na Bosch. Vitambuzi hupima pembe ya usukani, mzunguko wa gari kwenye mhimili wake wa wima, msukumo wa pembeni na kasi ya kila gurudumu, na kompyuta hulinganisha njia anayoitaka dereva na njia ambayo gari linaifuata. Tofauti ikizidi kiwango kilichowekwa, kompyuta hufunga breki ya gurudumu moja au zaidi na kupunguza nguvu ya injini ili gari lirudi kwenye mwelekeo. Mwaka 1997, gari dogo la A-Class la kampuni hiyohiyo lilipinduka katika jaribio la jarida la Sweden la Teknikens Värld, na mtengenezaji akalazimika kuufunga mfumo huo katika magari yote ya aina hiyo. Sheria zilifuata baadaye: Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa kanuni mwaka 2007 iliyoufanya mfumo kuwa lazima katika magari yote mapya yenye uzito usiozidi kilo 4,536 kufikia mwaka 2012, kwa makadirio kwamba ungeokoa maisha ya watu kati ya 5,300 na 9,600 kila mwaka endapo magari yote ya kundi hilo yangekuwa nao.

Kanuni ya pili, ya mwaka 2015, ilihusu vichwa vya matrela na mabasi makubwa yenye uzito unaozidi kilo 11,793, na kwa hiyo magari mengi ya zimamoto, ambayo ni malori ya kipande kimoja, yalibaki nje yake. Pengo hilo lilikuwa limekwisha kuzibwa kwa sehemu na kiwango cha NFPA 1901 cha Chama cha Kitaifa cha Kuzuia Moto, ambacho toleo lake la 2009 lilimtaka mtengenezaji athibitishe kwamba gari halipinduki linapoinamishwa nyuzi 26.5, au kitovu chake cha uzito hakizidi asilimia 80 ya upana kati ya magurudumu, au alifunge mfumo wa kudhibiti uthabiti. Sababu ya ukali huo ni ya kifizikia, kwani gari lenye tangi la lita 3,000 hubeba tani tatu za maji yanayoweza kusukasuka kwenye kona, huku pampu, ngazi na vifaa vya uokoaji vikipandisha kitovu cha uzito juu. Ripoti ya mwaka 2003 ya Idara ya Zimamoto ya Marekani ilionyesha kwamba magari ya kubeba maji, yaliyokuwa asilimia 3 hivi ya magari yote ya zimamoto nchini humo, yalihusika na zaidi ya moja ya tano ya vifo vya wazimamoto vilivyotokana na ajali za magari.

Kasoro zinazoweza kuuharibu mfumo huo ziko za aina mbili, na uzito wake kibiashara haulingani. Katika aina ya kwanza mfumo huzimika na taa ya tahadhari huwaka kwenye dashibodi, hivyo dereva hujua kwamba amebaki na ustadi wake tu. Katika aina ya pili, iliyo hatari zaidi, mfumo huendelea kufanya kazi kwa taarifa zisizo sahihi: kitambuzi cha usukani kilichofungwa bila kulinganishwa upya, waya uliochubuka, au programu iliyoingiziwa vipimo vya gari jingine vinaweza kuifanya kompyuta iamini kwamba gari linaserereka, ikafunga breki ya upande mmoja wakati gari liko kwenye barabara iliyonyooka. Programu hutegemea umbali kati ya ekseli, uwiano wa usukani na kimo cha kitovu cha uzito, kwa hiyo karakana inayorefusha chesi au kuinua bodi inaweza kuzalisha kasoro katika mfumo uliotoka kiwandani ukiwa mzima.

Hapa ndipo mpangilio wa biashara unapogeuka kuwa suala la usalama. Gari la wagonjwa kwa kawaida huanza kama chesi au gari la mizigo la kampuni kama Ford au Mercedes-Benz, likiambatana na hati inayotaja uzito wa juu unaoruhusiwa na mipaka ambayo mjenzi wa bodi hapaswi kuivuka, kisha hukamilishwa na kampuni nyingine kabisa. Katika magari makubwa ya zimamoto, baadhi ya wajenzi hutengeneza chesi zao wenyewe, lakini sehemu kubwa ya soko la Marekani imo mikononi mwa makundi machache: Oshkosh, inayomiliki Pierce tangu 1996; REV Group, iliyokusanya E-One, KME, Ferrara na, tangu 2020, Spartan; pamoja na Rosenbauer ya Austria. Breki na mifumo ya uthabiti hutoka kwa wasambazaji wachache zaidi, hasa Bendix, iliyo chini ya Knorr-Bremse ya Ujerumani, na WABCO, iliyonunuliwa na ZF mwaka 2020. Matokeo yake ni kwamba kosa la kifaa kimoja linaweza kuyagusa magari ya chapa zinazoshindana, na sheria inalikiri jambo hilo kwa kumtaka msambazaji wa kifaa atoe taarifa yake, na kila mtengenezaji aliyekitumia atoe yake.

Mtengenezaji anayebaini kasoro ya usalama ana siku tano za kazi kuiarifu NHTSA, na barua kwa wenye magari zinapaswa kutumwa ndani ya siku 60 baada ya hapo. Hata hivyo barua haiondoi kasoro. Ofisi ya Ukaguzi ya Serikali ya Marekani, GAO, ilieleza mwaka 2011 kwamba, kwa wastani, magari yaliyorekebishwa baada ya kuitwa yalikuwa asilimia 65 hivi. Mwenye gari la kawaida anaweza kuliacha karakana siku mbili akapanda basi, ilhali kituo cha zimamoto chenye gari moja hakiwezi kulitoa kazini bila gari la akiba. Urekebishaji wenyewe unaweza kuwa wa bure, lakini safari ya kwenda kwa wakala, muda wa wafanyakazi na gari la kuazima hubaki juu ya halmashauri. Katika miaka ya karibuni, ambapo gari jipya la pampu limefikia bei ya dola milioni moja hivi na wateja wengi wa Marekani husubiri miaka miwili hadi minne kulipokea, magari ya akiba yenyewe yamechakaa, na nafasi ya kulipumzisha gari lenye kasoro imezidi kuwa finyu.

Umri unaongeza pengo jingine. Sheria ya Marekani humlazimisha mtengenezaji kurekebisha bure gari lisilozidi miaka 15 tangu liliponunuliwa mara ya kwanza, wakati mwongozo wa NFPA unapendekeza gari la zimamoto lihamishiwe kwenye akiba baada ya miaka 15 na listaafu baada ya 25. Kwa hiyo, katika miaka kumi ya mwisho ya utumishi wake, gari linaweza kuitwa kwa kasoro huku mmiliki akiachiwa ankara.

Mpaka wa nchi ni ukomo mgumu kuliko umri. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa yaliyotumika Ulaya na Japani hufika Afrika Mashariki kwa mnada au kwa msaada, na hospitali nyingi za eneo hilo hutumia Toyota Land Cruiser na HiAce zilizogeuzwa kuwa ambulensi. Barua ya urejeshaji hutumwa kwa mmiliki aliyeandikishwa katika nchi ya awali, na haimfikii mganga mkuu wa wilaya aliyekabidhiwa gari hilo miaka kumi baadaye. Njia iliyobaki ni kuitafuta namba ya chesi katika kumbukumbu za mtengenezaji kabla ya kulipokea.

Uamuzi unaotokana na hali hii ni kwamba sheria ya urejeshaji, hata pale inapotekelezwa kikamilifu, humlinda mnunuzi wa gari la dharura nusu ya njia tu, na nusu iliyobaki sharti aiandike mwenyewe kwenye mkataba. Halmashauri, hospitali na majeshi ya zimamoto yanaponunua au kupokea magari yadai cheti kinachoonyesha kwamba mfumo wa uthabiti ulilinganishwa upya baada ya bodi kujengwa, jina la kampuni itakayowajibika kwa kila hatua ya ujenzi, ahadi ya gari mbadala wakati wa matengenezo, na dhamana ya marekebisho ya usalama kwa muda wote wa utumishi wa gari. Masharti hayo yakiachwa nje ya mkataba, gharama ya kosa la kiwandani italipwa na kituo ambacho hakikulitenda.