BMW M4 GT3: euro 415,000 zinanunua nini?

Mwaka 2021 BMW ilitangaza bei ya gari lake jipya la mbio za daraja la GT3: euro 415,000 kabla ya kodi. M6 GT3 lililolitangulia lilianza kuuzwa kwa euro 379,000. Mtu akiona nyongeza ya euro 36,000 huuliza kwanza kama gari jipya lina kasi zaidi, na katika GT3 swali hilo halimsaidii sana. Waandaaji wa mbio husawazisha magari. Linalowaacha wenzake huongezewa uzito au hubanwa injini, na lililo dhaifu hulegezewa. Ndiyo sababu Mercedes-AMG yenye V8 ya lita 6.2 isiyo na turbo hukabana koo na BMW ya silinda sita yenye turbo mbili.

Kwa kuwa kasi hainunuliki, linganisha yale ambayo waandaaji hawayasawazishi: wepesi wa kuliendesha, muda ambao injini na giaboksi vinakaa kabla ya kufunguliwa, na spea.

Lilikotoka

M6 GT3 halikuwa gari baya. Lilishinda Saa 24 za Spa mwaka 2016 na 2018, kisha Saa 24 za Nürburgring mwaka 2020. Ila lilikuwa gari kubwa, na V8 yake ya lita 4.4 si injini ya kila mfuko. Mrithi wake aliingia barabarani kwa mara ya kwanza Dingolfing, Ujerumani, Julai 2020. Injini yake, P58 ya lita 3.0, imetokana na ile ya M4 ya kawaida na inafikia hospawa 590. Tangu mwanzo wahandisi walilenga mambo mawili: gharama za uendeshaji zishuke, na dereva asiye wa kulipwa aweze kulimudu.

Lengo la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika daraja la LMGT3 la mashindano ya dunia ya endurance, kila gari lazima liwe na dereva mmoja wa kiwango cha shaba, yaani asiye wa kulipwa, ambaye mara nyingi ndiye mwenye fedha. Sekunde anazopoteza yeye ni nyingi kuliko zile ambazo bingwa anaweza kuziokoa. Gari linalomsamehe makosa ndilo linaloipandisha timu.

Tazama usukani wake. Ulitengenezwa na BMW pamoja na Fanatec, na unachomolewa kwenye gari na kupachikwa moja kwa moja kwenye simuleta. Dereva hujifunza nyumbani kwa vitufe vile vile atakavyovibonyeza usiku kwenye kona za Spa, bila kuchoma tairi wala kulipa fundi.

Matokeo nayo yamekuja. Mwaka 2022 Sheldon van der Linde wa Afrika Kusini alitwaa ubingwa wa mashindano ya DTM kwa M4 GT3. Mwaka 2023 timu ya ROWE ilishinda Spa. Mwaka 2025 Sheldon, ndugu yake Kelvin na Augusto Farfus walishinda Saa 12 za Bathurst, na mwaka huo huo ROWE ikashinda Saa 24 za Nürburgring.

Mshindani

Porsche 911 GT3 R ya kizazi cha 992 ilitangazwa mwaka 2022 kwa euro 511,000, yaani 96,000 zaidi ya bei ya kwanza ya M4 GT3. Ina injini ya lita 4.2 isiyo na turbo, yenye hospawa hadi 565. Injini hiyo iliyo nyuma imeinamishwa mbele kwa nyuzi 5.5 ili kupata nafasi ya kupitisha hewa chini ya gari. Timu ya Manthey imelitumia kushinda daraja la LMGT3 huko Le Mans mwaka 2024 na 2025.

Gari lenye uzito nyuma lina tabia zake, na anayelizoea hulisifu. Kwa dereva aliyekulia kwenye 911 GT3 Cup, iliyoanza kuuzwa kwa euro 225,000, ile tofauti ya euro 96,000 inaweza kujilipa kwa sababu hataanza upya.

Ngazi ya chini

Usirukie GT3 kwa kuwa ndiyo inayoonyeshwa kwenye televisheni. M4 GT4, ya daraja lililo chini ya GT3, ilitangazwa kwa euro 187,000, na Porsche 718 Cayman GT4 RS Clubsport kwa 196,000. Kwa bei hizo za kwanza, fedha za M4 GT3 moja zingenunua M4 GT4 mbili na euro 41,000 zingebaki. Ngazi moja chini yake, M2 CS Racing ilianza kwa 95,000.

Magari yaliyotumika yanavutia, lakini rahisi ni ghali. Audi R8 imeacha kutengenezwa, kwa hiyo anayenunua R8 LMS leo aulize spea zitapatikana hadi lini, na kama mashindano anayoyataka bado yanaliruhusu gari hilo.

Nani achukue lipi

Dereva anayeanza achukue M2 au GT4, na fedha zinazobaki azitumie kwa mazoezi. Timu yenye dereva wa shaba na msimu mrefu wa mbio za saa nyingi itafaidika na M4 GT3. Aliyekwisha kuzoea 911 abaki na Porsche, mradi bajeti ya msimu mzima iwe imekamilika.

Kabla ya kutia saini, mwombe muuzaji maandishi ya mambo matatu: injini na giaboksi hufunguliwa baada ya kilomita ngapi, kazi hiyo inagharimu kiasi gani, na kama lori la spea la kiwanda litakuwepo kwenye kila mbio ulizojiandikisha. Akisitasita, nenda kwa muuzaji mwingine.